Nafasi ya Uzamivu, Mwaka wa Ukame

Mwaka ule mvua za vuli hazikunyesha kabisa, na masika yaliyofuata yakaja kama mgeni asiyetaka kukaa: manyunyu ya siku chache, kisha jua. Nilikuwa nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari Karatu. Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kiiraqw, mjane, mwenye shamba la mahindi nyuma ya nyumba yake. Kwetu ni Olbalbal, upande wa pili wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, chini kule kwenye tambarare, na ng'ombe wa mama yangu walikuwa wanakufa.

Kwetu Wamaasai kila mke ana ng'ombe wa nyumba yake. Ndio anaowakamua, na ni kwa maziwa yao amelea watoto wake. Baba alifariki zamani, nikiwa shule ya msingi, na kaka yangu ndiye aliyebaki na mifugo. Lakini ng'ombe wa nyumba ya mama walibaki wa mama. Aliwajua kwa rangi, kwa mama zao na bibi zao, kwa namna kila mmoja alivyotaka kushikwa ili ateremshe maziwa. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliyesoma, na kila nilipofunga shule nikarudi nyumbani, jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa nani amezaa.

Tangazo lilinifikia katikati ya ukame huo. Mwalimu wangu wa zamani wa chuo kikuu alinitumia kwenye simu, bila maneno mengi: soma hili, linakuhusu. Chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa kinatafuta mtu wa kufanya utafiti wa shahada ya uzamivu kwa ufadhili kamili, maana yake ada, posho ya kujikimu na hata nauli ya kwenda. Mada ilikuwa uhandisi wa rezoneta ndogo sana. Rezoneta ni kitu chochote kinachotetemeka kwa mwendo wake mmoja usiobadilika, kama waya wa gitaa ukiguswa. Hizi za tangazo ni vijiti vya silikoni vyembamba kuliko unywele, vinachongwa juu ya kipande kidogo kama ukucha wa mtoto. Zimo ndani ya simu, ndani ya saa, ndani ya magari, zinatunza muda bila mwenye simu kujua kwamba zipo. Nilikuwa nimeandika tasnifu yangu ya uzamili juu yake. Nilikuwa nimezichora kwenye kompyuta na kuzipigia mahesabu, lakini sikuwa nimewahi kuiona hata moja, kwa sababu hakukuwa na maabara ya kuzitengenezea.

Niliomba. Sikumbuki kuwa na matumaini. Nilikuwa nimeshaomba nafasi nyingine kabla ya hapo na kukataliwa kwa barua za heshima, nikaishia kuzoea. Nilijaza kila kilichotakiwa kujazwa, nikatuma, nikarudi kusahihisha mitihani ya kidato cha tatu.

Kaka alikuwa ananipigia kutoka kilimani, kwa sababu nyumbani kwetu mtandao haukamati. Siku za kawaida kupigiana simu ilikuwa ni kusalimiana kwanza kwa muda mrefu, kuulizana habari za kila nyumba. Siku hizo salamu zilifupika. Alisema, "Yule wa kijivu hakuamka leo." Nilimuuliza kama mama anajua, akasema anajua. Nilisikia upepo kwenye simu yake, halafu akakata. Mara nyingine alitaja wawili, watatu kwa pamoja. Mwanzoni nilikuwa nauliza ni nani. Baadaye niliacha kuuliza, naye akaacha kuwataja, akawa anasema tu, "Bado wanaanguka."

Nilichoweza kufanya kutoka Karatu kilikuwa ni kupeleka mabua. Baada ya mavuno, mashamba ya Karatu hubaki na mabua ya mahindi, na mwaka ule kila mtu mwenye ndugu wafugaji aliyatafuta. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaongea na wachuuzi waliotaka kuchukua ya kwake. Aliponisikia naongea na kaka kwenye simu uani, alikuja akasimama mlangoni kwangu, akaniambia niyachukue yote. "Wale wachuuzi watapata kwingine," alisema. "Wewe una mama." Nilimshukuru. Nilijua ni jambo kubwa alilonifanyia, lakini nililijua kichwani tu.

Siku ya kupakia mabua ikaangukia siku ya usaili. Chuo kilikuwa kimeniandikia kwamba wanataka kuzungumza nami kwa video, na saa waliyoipanga ilikuwa adhuhuri kwetu. Asubuhi nzima nilikuwa juu ya lori, napokea mafungu na kuyapanga, jasho na vumbi la mabua vimenishika shingoni. Ilipokaribia saa yenyewe nilinawa uso, nikabadilisha blauzi, nikaenda chumba cha kompyuta cha shule. Mkuu wa shule alikuwa ameniruhusu nikitumie na akawaambia walimu wengine wasiingie. Dereva wa lori, Mchagga mmoja aliyeoa Karatu, aliniambia angenisubiri nje, tusije tukakuta geti la hifadhi limefungwa.

Kwenye kioo walitokea watu wawili. Mmoja alikuwa profesa, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi nyeupe. Mwingine alikuwa kijana msaidizi wake. Walinisalimia kwa upole, wakaniuliza kuhusu tasnifu yangu, kisha profesa akauliza swali ambalo nilijua litakuja: kwa nini rezoneta huacha kutetemeka?

Nilijibu vizuri. Nilisema ukikigusa kijiti kile kikaanza kutetemeka, kila kitu kilichokizunguka kinakula nguvu yake. Hewa inakula. Pale kilipofungwa panakula, kwa sababu mtetemo unavujia kwenye kile kinachokishikilia. Na hata ukiondoa hewa yote na ukikifunga kwa ustadi, silikoni yenyewe inakula, kwa joto linalohama ndani yake kila inapojipinda. Kazi ya mhandisi, nilisema, ni kujua upotevu upi ni mkubwa na kuushughulikia huo kwanza. Nilisikia sauti yangu ikitoka sawasawa, kama ninapofundisha somo ambalo nimeshalifundisha darasa jingine asubuhi. Profesa aliitikia kwa kichwa na kuandika. Kijana alitabasamu.

Mwishoni waliniuliza nini kinachonivutia katika kazi hii. Nilitafuta jibu ndani yangu na sikulipata, kwa hiyo nikawapa lile nililokuwa nimeliandika kwenye maombi. Profesa akaniambia, kama mtu anayetaka kumpumzisha mwenzake, kwamba nina kitu kwenye nywele. Nilipapasa, nikakuta kipande cha jani la bua. Nikasema nilikuwa napakia chakula cha ng'ombe. Walicheka kwa wema, nami nikacheka, tukaagana. Sikuwaambia zaidi. Ningeanzia wapi?

Nje dereva alikuwa ameshawasha gari.

Tulipanda kwenye msitu hadi ukingoni mwa kreta. Magari ya watalii yalikuwa yameegeshwa pale watu wanaposimama kutazama bonde, na watu wenye kofia walikuwa wanapigana picha. Sisi tulipita. Dereva alikuwa anaongea kuhusu tairi la nyuma ambalo halimpendezi. Tulipoanza kuteremka upande wa pili rangi ya nchi ilibadilika, kijani kikabaki nyuma yetu, na mizoga ikaanza kuonekana kando ya barabara. Mingine ilikuwa imekauka muda mrefu, imebaki ngozi juu ya mifupa. Mingine ilikuwa ya juzi. Nilikuwa naitazama kama ninavyotazama mawe.

Mama alikuwa amekaa nje ya nyumba yake. Niliinamisha kichwa anisalimie, akaweka kiganja juu yake, na kiganja kilikuwa chepesi sana. "Yeyo," nilisema, hivyo ndivyo tunavyowaita mama zetu. "Nimeleta mabua." Alisema vema. Hakuniambia nani amezaa, wala nani amekufa. Aliamka kwenda kuchemsha chai, na kwa kuwa hakukuwa na maziwa tulikunywa chai ya rangi, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika nyumba ile tangu nizaliwe.

Kulipokucha tuliinua ng'ombe. Kazi hii asiyeiona hawezi kuijua. Ng'ombe aliyekonda sana akilala chini hawezi kusimama mwenyewe tena, na akibaki amelala mchana kutwa hatasimama kamwe. Kwa hiyo kila asubuhi watu wanamzunguka. Kaka alishika pembe, mke wake na mimi tukapitisha mti chini ya tumbo, mama akashika mkia, na wote tukanyanyua kwa pamoja. Ng'ombe alisimama akitetemeka miguu, tukamshikilia hadi alipopata nguvu ya kubaki wima, kisha tukaenda kwa mwingine. Nilikumbuka mama alivyokuwa akiongea nao kila asubuhi, akimwimbia kila mmoja wakati wa kumkamua. Asubuhi ile alikuwa kimya. Alishika mkia, akanyanyua, akaenda kwa anayefuata. Mmoja hakusimama. Tulijaribu, tukapumzika, tukajaribu tena, kisha kaka akaachia pembe, akasema basi. Mama aliondoka pale bila kugeuka nyuma na akaenda kugawa mabua.

Nilirudi na lori lile lile siku iliyofuata. Tulipofika juu ukingoni, dereva alisimama injini ipoe, na simu yangu ikakamata mtandao. Jumbe zikaingia kwa mfululizo: kundi la walimu, ratiba ya zamu, mtu ananiuliza ufunguo wa maabara. Katikati yake ilikuwa barua pepe ya profesa. Walikuwa wamefurahi kunipa nafasi. Masomo yangeanza baada ya miezi michache, na utaratibu wa ufadhili ungefuata.

Niliisoma nimesimama kando ya barabara. Nikairudia, nikidhani labda sikuielewa. Niliielewa. Nilikuwa nimeingoja barua ya namna hiyo tangu nikiwa na umri wa wanafunzi wangu, na nilingoja mwili ufanye kile ambacho mwili hufanya. Haukufanya chochote. Upepo wa kule juu ulikuwa baridi, nikajifunga vizuri shuka.

"Habari nzuri?" dereva aliniuliza, aliponiona nimekazana na simu.

Nikasema ndiyo, nikaitia mfukoni. Tukapanda gari tukaendelea.

Karatu watu walifurahi kwa niaba yangu. Mama mwenye nyumba alilia, akafuta machozi kwa kanga, akachinja kuku na kuwaita majirani zake, wakaomba juu ya kichwa changu kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw. Mkuu wa shule aliitangaza mstarini, akawaambia wanafunzi kwamba mwalimu wao wa fizikia anakwenda kuwa daktari, si wa sindano, na wanafunzi wakapiga makofi muda mrefu. Mwalimu mwenzangu wa hisabati aliniuliza mbona kama sijafurahi. Nilimwambia nimechoka. Baada ya hapo nilijifunza kutabasamu mapema, kabla mtu hajauliza, na ikasaidia.

Kaka nilimwambia kwa simu. Akaniuliza naondoka lini. Nilipomwambia, akauliza mabua atayapata kwa nani. Nilisema nimeshazungumza na dereva na mama mwenye nyumba, na kwamba posho ikianza nitatuma hela kutoka huko.

"Nenda," alisema. "Hapa kuna nini cha kukuzuia?"

Sikujua kama ananibariki au ananilaumu. Nadhani hata yeye hakujua. Niliendelea na pasipoti Arusha, na viza Dar es Salaam, na kupima kifua, na kupiga picha zenye mandhari nyeupe. Kila hatua ilikuwa na foleni, na foleni nilizipenda, kwa kuwa kwenye foleni mtu hatakiwi kuhisi kitu, anatakiwa kusogea tu.

Nilikwenda kumuaga mama nikiwa nimebakiza siku chache. Katika ng'ombe wa nyumba yake alikuwa amebaki mtamba mmoja, jike ambaye bado hajazaa, naye kaka alikuwa amempeleka mbali, upande wa Sale, kwa rafiki wa rika lake aliyekuwa na majani kidogo. Zizi lilikuwa tupu. Mama alikuwa ndani, kwenye kitanda chake cha ngozi, na nilipokaa karibu naye aliniuliza hicho kitu ninachokwenda kukisomea kinafanya nini.

Nilitoa simu nikamwonyesha. Nilimwambia humo ndani kuna kitu kidogo kiasi kwamba jicho halikioni, na kinatetemeka muda wote, na simu inajua saa kwa kuhesabu kutetemeka kwake. Aliishika simu, akaigeuza, akairudisha.

"Na kikiacha?"

"Simu inapotea. Haijui tena iko saa ngapi."

Alikubali kwa kichwa. Halafu aliniuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza, wala mama mwenye nyumba, wala mkuu wa shule, wala profesa kwa namna ile.

"Wewe unataka kwenda?"

Nilikuwa na tabasamu langu tayari, lakini kule ndani palikuwa na giza kidogo, na yeye ni mama yangu. "Sijui, Yeyo," nilisema. "Sisikii kitu. Waliponiambia nimepata, sikusikia kitu. Nilipoona mizoga, vivyo hivyo. Nangoja nisikie ndipo nijue kama nataka."

Alichokoa moto. Nilidhani nimemuumiza.

"Hata mimi," alisema baadaye. "Wale wa kwanza niliwalilia. Hawa wa mwisho, hapana. Nakula kwa kuwa mke wa kaka yako ameleta chakula. Nalala kwa kuwa giza limeingia." Alisukuma kijinga cha moto kwa kidole. "Usingoje kusikia. Nenda hivyo hivyo ulivyo."

Alinitemea mate kiganjani, baraka ya kwetu, akanifunga shanga mkononi. Aliniuliza kama kule ni baridi, nikasema ndiyo, akanipa shuka lake zito.

Nilikwenda. Kwa muda wa mwaka mzima na zaidi niliishi katika mji wenye mvua nyingi kuliko zinavyohitajika, nikafanya kazi. Mara ya kwanza nilipoiona rezoneta kwa darubini, profesa alikuwa amesimama pembeni yangu, ananingojea. Ilikuwa mstari mwembamba juu ya kipande cha kijivu. Nilisema ni nzuri, na ilikuwa nzuri. Nilijifunza kuziweka ndani ya chombo kisicho na hewa, kuzitikisa kwa umeme, na kupima zinachukua muda gani kunyamaza. Zilizofungwa kwa namna ya kawaida zilinyamaza mapema. Nilibadilisha umbo la pale zinapofungwa, nikapima, nikabadilisha tena. Kazi ile ilinifaa. Ilitaka mikono iliyotulia, na yangu ilikuwa imetulia. Profesa aliwaambia wenzake kwamba nina subira ya ajabu. Sikumsahihisha.

Mvua ilipokuja nyumbani, kaka alinitumia ujumbe wa sauti. Hakusema neno. Ilikuwa mvua tupu, inapiga juu ya bati la duka la pale anapopanda kutafuta mtandao, na watu wanaongea kwa mbali. Niliusikiliza koridoni, nje ya maabara, hadi mwisho. Nikamjibu nimesikia. Kisha nikavaa tena glavu na ile nguo nyeupe ya kufunika mwili mzima, nikarudi ndani. Nilikuwa nimeacha kipimo kinaendelea.

Likizo ya mwaka wa pili nilirudi. Olbalbal ilikuwa na majani, si mengi, lakini ardhi haikuonekana. Mtamba aliyekuwa Sale alikuwa amerudi na ameshazaa, na kaka alikuwa amepata wengine kwa ndugu na marafiki, kama watu wa kwetu wanavyosaidiana baada ya ukame. Mama alikuwa amenenepa kidogo. Nilipoinamisha kichwa aliweka kiganja, akaanza kunilalamikia jirani yake mmoja ambaye mbuzi wake wanaingia kila mahali, na akaendelea kulalamika hadi chai ikaiva.

Asubuhi aliniita nimshikie ndama wakati anakamua. Ndama alikuwa na nguvu, anataka kwenda kwa mama yake, nami nilikuwa nimeishika kamba kizembe, nawaza kipimo fulani. Alijirusha mbele akanikanyaga mguu kwa kwato zake, ukucha wa kidole ukavunjika. Nilikuwa na ndala tu. Maumivu yalinipanda hadi kiunoni. Nilimpiga kofi la shingo na kumtukana kwa Kimaasai, matusi ambayo sikujua kama bado ninayo, nikamtukana yeye na ukoo wake wote, kisha nikaanza kulia. Nililia vibaya, kwa sauti, kamba mkononi, na ndama ananivuta huku na huku. Nililia hadi ukucha uliovunjika ukawa si sababu tena.

Mama alikuwa amechuchumaa, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe, maziwa yanaingia kwenye kibuyu. Hakuinuka. Alinitazama mara moja kupitia chini ya tumbo la ng'ombe, akaendelea kukamua.

"Mshike karibu na shingo," alisema. "Mama yake bado hajamaliza kuteremsha maziwa."

Nikamshika karibu na shingo.